Babu kibarua kutoka Italia: kwa nini karatasi zake hazikubaliani

Mi nabeba maboksi New Jersey, ila maboksi yangu ni wazee, nawaogesha, nawalisha, jua likitoka nawasukuma nje. Kuna mzee mmoja ana hadithi anairudia kila wiki bila kubadilisha hata neno: babu yake alikuja kutoka Italia mwaka 1906 kama kibarua, akashuka Ellis Island, kile kisiwa cha New York cha kupokelea wahamiaji, karani akashindwa kuandika jina lake akalikata mkia palepale, ndo maana ukoo mzima una jina ambalo si la Kiitaliano wala si la Kiingereza. Hadithi tamu. Mwaka jana mjukuu wake akaja na laptop, akamwambia babu, nimetafuta meli zote za 1906 na hayupo mtu wa jina hilo. Mzee akanuna siku mbili, chakula akawa anakisukuma.

Basi mimi usiku wa zamu nikaanza kuchimba, mwanzoni kwa umbea tu, baadaye nikanogewa. Na nilichokiona ndo kimenifanya niandike hii, kwa sababu watu wengi wakiona karatasi za babu hazikubaliani (hapa kaandikwa miaka 22, pale 25, hapa Joe, pale Giuseppe, hapa kaja 1903, pale 1909) wanasema basi kuna uongo, au wamekosea mtu. Mara nyingi hakuna aliyekosea. Kila karatasi iliandikwa na mtu mwenye shida zake mwenyewe, na kibarua naye alijibu kila ofisi jibu lililokuwa salama kwenye hiyo ofisi. Ukishajua nani aliandika na alikuwa anaogopa nini, zinaanza kukaa sawa.

Kwanza tuelewane hawa watu walikuwa nani. Italia kama nchi moja ilianza 1861, kabla ya hapo vilikuwa vijifalme kila mtu na lake. Kusini, yaani Sicily, Calabria, Basilicata, Puglia, Campania na kupanda juu mpaka Abruzzo, watu wengi walikuwa hawana ardhi yao, ardhi ni ya bwana anayeishi mjini, wao wanalima kwa siku. Serikali mpya ikaja na kodi, mojawapo kodi ya kusaga nafaka iliyoanza 1869, yaani unapeleka ngano yako kinuni na unalipia kodi ya kuifanya unga, fikiria mwenyewe. Ongeza malaria kwenye mabonde, ongeza mdudu aliyekuwa anaua mizabibu. Kati ya 1880 na 1924 wakaingia Marekani Waitaliano kama milioni 4, wengi wao wa kusini, na mwaka 1907 peke yake waliingia zaidi ya 285,000. Kwenye vitabu vya kijijini kazi yao inaandikwa *bracciante*, neno linalotokana na *braccia*, mikono. Yaani mtu anayekodisha mikono yake. Sisi tunasema kibarua, na wanaosema asili yake ni barua, kile kikaratasi alichopewa mtu wa kazi ya siku kiwekwe alama, wana hoja. Wao wakamwita kwa mikono, sisi tukamwita kwa karatasi. Na kwa huyu babu vyote viwili vinahusika.

Sasa tuje kwenye hilo jina lililokatwa, maana hii ndo hadithi inayosimuliwa na nusu ya Wamarekani wenye asili ya Italia na karibu wote wanaisimulia vilevile. Ukweli ni kwamba pale Ellis Island karani hakuwa anaandika jina la mtu. Orodha ya abiria ilikuwa imeshaandikwa upande wa pili wa bahari, Napoli au Palermo au Genova, na watu wa kampuni ya meli, Waitaliano, wakinakili kutoka kwenye karatasi za abiria mwenyewe. Meli ikifika orodha inakuja nayo. Afisa wa Marekani anakaa kwenye kimeza kirefu na lile likaratasi kubwa mbele yake, anasoma jina, anauliza maswali yaleyale yaliyokwisha jibiwa, anaangalia kama majibu yanafanana. Kama lugha inagoma kuna mkalimani. Fiorello La Guardia, aliyekuja kuwa meya wa New York, alifanya hiyo kazi ya ukalimani hapo kisiwani kati ya 1907 na 1910, Kiitaliano kilikuwa mojawapo ya lugha zake. Kwa hiyo picha ya Mmarekani mwenye masharubu anayekuna kichwa kwa jina gumu halafu anaandika anavyotaka, hiyo futa.

Majina yalibadilika, ila yalibadilika baadaye na polepole. Msimamizi kwenye mtaro hana muda na Giuseppe, anaandika Joe. Mwalimu wa shule anamwita mtoto anavyoweza. Mtu wa sensa anagonga mlango, mama mwenye nyumba ndo anajibu kwa niaba ya wapangaji 8, yeye mwenyewe Mu-Ireland, unategemea nini. Na kuna mazoea ambayo usipoyajua utapotea kabisa: Vincenzo wengi walijiita James, Gaetano akawa Guy au Thomas, Calogero akawa Charles, Salvatore akawa Sam. Ukimtafuta Vincenzo kwenye sensa ya 1910 utakesha, wakati James amekaa palepale. Halafu sheria ya uraia ya 1906 ikaruhusu mtu anapoapa kuwa raia abadilishe na jina mahakamani kwa mkupuo mmoja. Kwa hiyo mara nyingi aliyekata mkia wa jina ni mwenye jina. Hili nilimwambia mzee akasema "haiwezekani." Tutarudi.

Wakongo wengi ninaowafahamu hapa, waliopitia makambini, kwenye karatasi wote wamezaliwa tarehe 1 Januari. Baba, mama, watoto watano, mwaka mpya wote. Ni kwamba fomu ilikuwa inataka tarehe na hakuna aliyekuwa nayo. Miaka 100 ijayo kitukuu atakaa na kompyuta yake ashangae hii familia ya ajabu.

Rudi kwenye kile kimeza. Kuna swali moja pale lilikuwa mtego, na bila kulielewa hutaelewa kwa nini babu alidanganya. Swali: una kazi inayokusubiri? Mtu wa kawaida anayetaka kuonekana mchapakazi atasema ndiyo afande, kazi ninayo, kuna mtu ameniahidi kazi ya reli. Kwisha habari yake. Sheria ya 1885 ilikataza kuingiza vibarua waliokwisha kupewa mkataba wakiwa nje, vyama vya wafanyakazi viliipigania kwa sababu matajiri walikuwa wanaagiza watu wa bei chee kuvunja migomo. Ukisema una kazi, unarudishwa. Haya, ukisema huna kazi, huna ndugu, na mfukoni huna kitu? Kuna sheria nyingine, ya 1882 na ikaongezewa makali 1891, inasema mtu anayeelekea kuwa mzigo kwa umma hapokelewi. Unarudishwa. Kwa hiyo jibu sahihi ni: sina kazi, ila mikono ninayo na shemeji yangu yuko mtaa fulani namba fulani. Watu walifundishana hilo jibu ndani ya meli, siku zote zile za safari, wanalikariri kama aya. Swali lingine liliuliza kama una wake zaidi ya mmoja, na kuanzia 1903 wakauliza kama wewe ni anakisti, yaani mtu asiyetaka serikali yoyote. Hilo la wake nadhani baadhi ya wajomba zangu wangekwama.

Matokeo yake kwa mtafutaji wa leo ni haya: yule "shemeji" kwenye orodha ya meli anaweza asiwe shemeji. Anaweza akawa jirani, mtu wa kijijini, au nyapara. Usianze kumchomeka kwenye mti wa ukoo kabla hujamhakiki.

Na huyo nyapara, wao walimwita *padrone*, ni mtu wa kumjua. Huyu ni Mwitaliano mwenzao aliyetangulia, anajua Kiingereza cha kuombea maji, anawajua makandarasi, na wewe umeshuka jana hujui hata kushoto ni wapi. Anakutafutia kazi, anakata chake. Anakupangisha kitanda, anakata chake. Anakuuzia mkate na soseji kwenye kambi ya reli kwa bei yake maana duka ni lake, anakutumia pesa nyumbani na kukuandikia barua kwa sababu hujui kuandika, anakata chake. Ukisoma malalamiko ya wakati ule utamchukia, na walikuwepo wezi wa kutupwa waliokusanya pesa za watu wakatoweka nazo, lakini mi naona tusimhukumu haraka, kwa sababu bila yeye yule kijana wa Basilicata asingepata hata hilo koleo. Nani kati yetu tulioko huku hakupitia kwa "kaka" fulani aliyemfungulia njia halafu akamlipisha mpaka hewa?

Koleo lenyewe lilikuwa na bei yake. Kuna tangazo la 1895 la kazi ya bwawa la maji New York ambalo wanahistoria wanapenda kulitaja: kibarua mweupe dola 1.30 mpaka 1.50 kwa siku, kibarua mweusi dola 1.25 mpaka 1.40, na Mwitaliano dola 1.15 mpaka 1.25. Soma tena huo mpangilio. Mwitaliano kawekwa peke yake, chini ya wote, si mweupe kwenye hilo tangazo. Miaka 4 kabla, Machi 1891 huko New Orleans, kundi la watu lilivunja jela likaua Waitaliano 11, baada ya kesi ya mauaji ya mkuu wa polisi ambayo hakuna hata mmoja aliyetiwa hatiani. Mji uliomba radhi 2019. Leo wajukuu zao wakisimulia wanasema babu alikuja akafanya kazi kwa bidii akakubalika, kama vile ilikuwa Jumatatu mpaka Ijumaa.

Kwa nini nalitaja hili kwenye makala ya karatasi? Kwa sababu mtu anayelipwa chini ya wote ndiye anayeandikwa vibaya kuliko wote. Chukua Monongah, West Virginia, tarehe 6 Desemba 1907. Migodi miwili ya makaa iliyoungana chini kwa chini ililipuka asubuhi. Hesabu rasmi ya waliokufa ilizidi kidogo 360, na 171 kati yao walikuwa Waitaliano, wengi kutoka vijiji vya Molise kama Frosolone na Duronia, na wengine kutoka San Giovanni in Fiore kule Calabria. Lakini tangu siku ile watu wamebishana kuhusu hiyo namba, na sababu ni ya kikaratasi kabisa: kampuni ilimwandika mchimbaji mwenye kibati cha namba, yule anayelipwa kwa tani. Sasa mchimbaji alikuwa anaingia na msaidizi wake, pengine mdogo wake, pengine mtoto wake wa kiume, anamlipa mwenyewe mfukoni, na huyo kwenye kitabu cha kampuni hayupo. Mtu aliingia shimoni asubuhi na kwenye maandishi hakuwahi kuingia. Kule Molise mama anasubiri barua.

Kwa hiyo kama babu yako anapotea ghafla kwenye karatasi baada ya 1907, usikimbilie kusema alibadilisha jina. Wakati mwingine alikufa bila kuandikwa. Na wakati mwingine, hii ni mara nyingi zaidi, alirudi nyumbani.

Hili la kurudi wajukuu hawalipendi kwa sababu linaharibu sinema. Kwenye sinema babu anaiona Sanamu ya Uhuru, anatoa machozi, anabaki. Kumbe wanahistoria wanakadiria kati ya theluthi moja na nusu ya Waitaliano wa miaka ile walirudi kwao. Walikuwa wanakuja kama mtu anavyoenda Oman au Qatar leo, mkataba wa moyoni: miaka 3, nikusanye, nikajenge, ninunue kashamba. Wanaume watupu, vijana, wanakuja masika, baridi ikibana na kazi za nje zikisimama baadhi wanarudi. Ndo maana huyu babu wa mzee wangu ana meli mbili. Nilimpata 1903, jina kamili la Kiitaliano lenye mkia wake. Nikampata tena 1909, na kwenye ile safu inayouliza umewahi kuwa Marekani, imeandikwa ndiyo, 1903 mpaka 1907. Hiyo 1906 ya kwenye hadithi haipo popote. Nadhani ni mtu alichanganya na kitu kingine, harusi labda, familia zinapenda kuwa na mwaka mmoja tu wa kila kitu.

Kwenda na kurudi kuliacha vituko kijijini. Wanawake waliobaki waliitwa wajane weupe, mume yupo hai ila yuko America. Kila mwaka pesa inakuja, mwaka mwingine haiji. Kulikuwa na wizi mwingi kwenye kutuma pesa mpaka 1901 serikali ya Italia ikaipa Banco di Napoli jukumu la kuzipitisha. Na wapo waliooa tena huku wakati mke yuko kule, hivyo ukikuta watoto wa baba mmoja wenye miaka inayogongana, pumua kwanza.

Mjukuu wa mzee aligongana na kitu cha namna hiyo akaja mbio kuniambia amegundua kashfa. Amekuta meli ya 1910, watoto wawili wenye jina la babu, wanasafiri na mwanamke mwenye jina jingine kabisa! Mchepuko! Nikacheka. Mwanamke wa Kiitaliano kwenye karatasi habebi jina la mume, anazaliwa nalo la kwao na anazikwa nalo, pasipoti yake inasoma hivyo, orodha ya meli inasoma hivyo. Yule alikuwa mke halali wa babu, bibi yake mzee mwenyewe. Sisi wa pwani hili halitushangazi, Mwanaasha binti Fulani anabaki binti Fulani hata azae 10, ila Mmarekani linamvuruga kweli. Na ni zawadi kubwa, maana kila karatasi ya bibi inakupa ukoo wa kwao bila kuutafuta.

Majina ya watoto nayo yana kanuni. Mtoto wa kwanza wa kiume anaitwa jina la baba yake mume, wa pili la baba yake mke, wa kwanza wa kike mama yake mume, wa pili mama yake mke. Msomaji Mkikuyu hapo ameshatabasamu, ni kanuni ileile. Faida yake, ukiwajua watoto kwa mpangilio umewajua mababu. Hasara yake, kaka wanne wa familia moja, kila mmoja anamwita mzaliwa wake wa kwanza jina la babu, kijiji kidogo kinakuwa na vijana wanne wa jina moja na ukoo mmoja waliozaliwa ndani ya miaka 5, na wote wanapanda meli. Ndo hapo watu wanachukua babu wa wengine. Mtoto akifa, anayefuata anapewa jina lilelile, kwa hiyo hata ukimpata mwenye tarehe sawa hakikisha si marehemu kaka yake. Cha kukuokoa ni jina la baba na jina la mama pamoja, kimoja peke yake hakitoshi.

Basi utajuaje kijiji? Hapa ndo watu wengi hukwama, kwa sababu babu akiulizwa alikuwa anasema Napoli. Napoli ni bandari alipopandia meli, au mji mkubwa ambao Mmarekani anaweza kuwa ameusikia, kama sisi tunavyosema Dar wakati kwetu ni Newala. Orodha za meli za kuanzia 1907 hivi zina safu mbili tamu: mahali ulipozaliwa, na jina la ndugu wa karibu uliyemwacha na anakoishi. Fomu za kijeshi za 1917 na 1918 nazo, kila mwanaume wa umri alijiandikisha hata asiye raia, baadhi zinataja mji. Na kama hakuna chochote, muache babu, watafute majirani zake. Hawa watu walihama kijiji kizima. Roseto, Pennsylvania, ni mfano mzuri mno: mwaka 1882 kikundi kidogo cha watu kutoka Roseto Valfortore, Puglia, kilikuja, wakaishia kuvunja mawe ya kuezekea kwenye machimbo ya Bangor, wakaita ndugu, ndugu wakaita ndugu, wakapanda juu ya kilima wakajenga, na 1912 mji ukasajiliwa rasmi kwa jina la kijiji chao. Watafiti wa afya walienda kuwapima miaka ya baadaye wakishangaa mbona hawafi kwa moyo kama majirani zao, na wengine wakasema ni kwa sababu ya kukaa pamoja, lakini hiyo habari nyingine. Ninachosema ni kwamba ukikuta kwenye mtaa mmoja familia sita zimetoka kijiji kimoja, ya saba ni ya babu yako, anza hapo.

Ukishapata kijiji umepona, kwa sababu Waitaliano kwa kuandika hawajambo. Kusini bara, vitabu vya kiserikali vya kuzaliwa, kuoana na kufa vilianza 1809, Wafaransa wa Napoleon walivileta. Sicily 1820. Sehemu kubwa ya nchi 1866. Nyuma ya hapo kuna vitabu vya kanisa. Vingi vimepigwa picha na viko bure mtandaoni kwenye tovuti ya nyaraka za taifa inayoitwa Antenati, maana yake wahenga. Kinachofaa kuliko vyote ni lile bunda la viambatanisho vya ndoa. Bwana harusi alitakiwa kuonyesha ruhusa ya baba, baba kama amekufa alete cheti cha kifo chake, na kama baba amekufa basi babu ndiye atoe ruhusa, na babu naye kama amekufa kiletwe na chake. Kibarua asiye na kipande cha ardhi anaoa mwaka 1838 na kwenye harusi yake serikali inakuandikia vizazi vitatu. Machifu wetu wengi hawana hicho.

Nilifungua cheti cha kuzaliwa cha babu wa mzee, 1884, kijiji cha mkoa wa Potenza. Mwandiko wa kulala, wino umekuwa kahawia. Amefika mbele yangu fulani, miaka 31, *contadino*, mkulima, ananionyesha mtoto wa kiume aliyezaliwa saa fulani katika nyumba iliyoko mtaa fulani. Halafu mashahidi wawili, wakulima pia. Na mstari wa mwisho unasema cheti kimesomwa mbele ya wote na kimesainiwa na mimi afisa peke yangu, kwa kuwa waliotajwa hawajui kuandika. Nilikaa na huo mstari muda. Nikarudi nyuma kwenye ndoa ya baba yake, mstari uleule. Kwenye ndoa ya babu yake, uleule.

Kuna jambo la uraia, maana wengi wanaochimba leo wanachimbia pasipoti, tuseme ukweli, na mjukuu wa mzee alikuwa mmojawapo. Kanuni ya zamani ilikuwa hivi: Mwitaliano anazaa Mwitaliano, hata kama mtoto amezaliwa Marekani, ilimradi baba hakuapa kuwa raia wa Marekani kabla mtoto hajazaliwa. Hakuna kikomo cha vizazi. Sheria ya 1912 ilisema hivyo na ya 1992 ikauendeleza huo mnyororo. Kupitia kwa mama ilihesabika kwa watoto waliozaliwa kuanzia 1 Januari 1948, ilipoanza katiba mpya, wa kabla ya hapo walikuwa wanaenda mahakamani. Kisha Machi 2025 serikali ya Italia ikaleta amri, Mei ikawa sheria: uliyezaliwa nje na una uraia mwingine, sasa kwa kawaida lazima mzazi au babu au bibi awe, au awe alikufa, ana uraia wa Italia tu. Kitukuu na kilembwe kwisha. Dili la mjukuu likafa hapo, na kwa wiki nzima hakuonekana na laptop yake.

Ila ile tarehe ya kuapa ina maana zaidi ya pasipoti. Wengi walichelewa sana kuapa, wengine hawakuapa kabisa, si kwa chuki, ni kwamba walikuwa bado wanapanga kurudi, au hawakujua kusoma. Giuseppe DiMaggio alitoka Isola delle Femmine huko Sicily mwaka 1898, akawa mvuvi California, akazaa watoto 9. Mwanawe Joe mwaka 1941 alikuwa ndiye mchezaji maarufu kuliko wote wa besiboli nchini, michezo 56 mfululizo anapiga. Mwaka uliofuata Marekani iko vitani na Italia, na baba mtu, kwa kuwa hakuwahi kuchukua uraia, akahesabiwa adui pamoja na Waitaliano kama 600,000 wengine, akazuiwa hata kukanyaga eneo la bandari alikokuwa anavua, wakati wanawe wawili watatu wanashangiliwa viwanjani. Vizuizi viliondolewa Oktoba 1942. Yeye akaapa 1945. Kwenye sensa utaona alama ndogo tu pembeni ya jina, Al kwa mgeni, Pa kwa aliyeanza mchakato, Na kwa raia, herufi mbili ambazo zilikuwa zinaweza kukunyima boti yako.

Babu wa mzee wangu aliapa mwaka 1931, na hiyo faili ndo ilifika mwisho kabisa, kurasa tatu. Maombi yametaipiwa, jina limeandikwa refu la Kiitaliano kama lilivyo kwenye meli zote mbili, kazi ni kibarua, tarehe ya kuwasili 1909 na jina la meli, vyote sawa na orodha. Kuna kile kipengele cha kubadilisha jina na kimejazwa. Chini kabisa kuna sahihi. Imeandikwa kwa mkono, kila herufi imesimama peke yake, kubwa, kalamu imekandamizwa mpaka wino umevuja, na jina ni lile fupi. Herufi ya mwisho haipo.

Nikamsogezea mzee skrini, nikaikuza. Akavua miwani, akaifuta kwenye shuka, akavaa tena. Nikamuonyesha na kile cheti cha 1884, nikamsomea ule mstari wa mwisho. Akakaa kimya, akawa anafuata zile herufi na kidole juu ya kioo, moja moja, alipofika mwisho akasimama pale ambapo mkia ulitakiwa kuwepo.

"Aliandika mwenyewe," akasema. Halafu akaniuliza kama chakula chake bado kipo.